Jina la tiketi na jina la pasipoti: jibu kwa mama wa Katuba

Swali: "Mimi ni mama wa miaka 61, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Binti yangu yuko Brussels, amejifungua, na amenitumia tiketi aliyoinunua kwenye intaneti ili niende kumsaidia kulea. Nasafiri baada ya siku 12, kupitia Addis Ababa. Viza nimeshapata. Jana kijana wa jirani alinitolea tiketi kwenye karatasi, tukailinganisha na pasipoti, tukakuta majina hayafanani. Kwenye pasipoti mimi ni NGOIE, postinomu (jina la pili) KAZADI, prenomu (jina la ubatizo) ESPERANCE. Tiketi inasema KAZADI/NGOYMRS. Espérance haimo kabisa. Binti yangu anasema hilo MRS ndilo litaniletea shida. Jirani anasema nichukue karatasi komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ya kuonyesha kwamba majina yote ni yangu. Ajansi moja ya tiketi mjini imeniambia ninunue tiketi nyingine. Nifanye nini?"

Mama, hongera kwanza kwa mjukuu. Pili, usinunue tiketi nyingine. Tatu, usiende uwanja wa ndege wa Luano na tiketi hiyo kama ilivyo. Kosa lako linarekebishika, na siku 12 zinatosha, ila simu ya kwanza ipigwe leo na si wiki ijayo.

Nimeuza tiketi za ndege katika mji huu kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya machozi niliyoyaona kwenye kaunta hayakuletwa na viza wala na pesa, yaliletwa na herufi mbili au tatu za jina. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, maana barua yako ina tofauti nne ndani yake, na tofauti hizo hazina uzito sawa. Moja si kosa hata kidogo. Moja ni ndogo. Mbili zinaweza kukuacha chini ndege ikiruka.

Lile MRS lisikunyime usingizi. Si sehemu ya jina lako, ni heshima tu, kama sisi tunavyosema "Mama Ngoie". Mitambo ya mashirika ya ndege huandika jina la ukoo kwanza, kisha mstari wa mshazari, kisha jina la mtu, halafu hubandika heshima mwishoni bila kuacha nafasi: MR kwa baba, MRS kwa mama, MISS kwa msichana, MSTR kwa mtoto wa kiume. Mtu wa kaunta amezaliwa nayo kazini, anaiona kwa kila abiria, wala haihesabu. Vivyo hivyo ukiona Espérance imepoteza ile alama juu ya e, au Marie-Thérèse imekuwa MARIETHERESE kwa kuunganishwa, acha. Mitambo hiyo haina alama za juu wala vistari, na hata pasipoti yenyewe, kwenye mistari yake ya chini, huziondoa alama hizo. Na siku ya safari, ukiona jina lako limekatwa katikati kwenye kadi ya kupandia ndege, usishtuke: ule msimbo wa kuchanganuliwa na mashine una nafasi 20 tu za jina, na majina yetu ya Kongo hayaenei humo. Jina kamili limo ndani ya tiketi, na hilo ndilo linaloangaliwa.

Sasa NGOY na NGOIE. Hapa ndipo tunapoumia sisi watu wa Katanga, kwa sababu masikio yetu hayaoni tofauti. Jina ni lilelile, la babu yuleyule. Lakini padri aliliandika alivyolisikia, mwalimu akaliandika alivyozoea, karani wa komini akaliandika kwa Kifaransa chake. Ndiyo sababu tuna Ngoy, Ngoie na Ngoyi katika nyumba moja, Mwamba na Muamba, Kyungu na Kiungu, Tshibangu na Chibangu. Mtu mmoja anaweza kuwa Ngoy kwenye kadi ya ubatizo, Ngoyi kwenye diploma, na Ngoie kwenye kadi ya mpiga kura, ile kadi ambayo kwa miaka mingi imetufanyia kazi ya kitambulisho. Mtaani hakuna anayeuliza. Uwanja wa ndege wanauliza, kwa sababu pale jina halisikilizwi, linasomwa herufi baada ya herufi.

Nilijifunza hilo kwa gharama ya mtu mwingine, na bado linaniuma. Mwaka wangu wa pili kazini, mzee mmoja alipiga simu ajansi akitaka nafasi ya kwenda kutibiwa macho. Nikamuuliza jina, akalitaja, nikaandika MUAMBA, kwa sababu mjomba wangu ndivyo anavyoandika. Pasipoti yake ilikuwa MWAMBA. Asubuhi ya safari nilikuwepo Luano kwa shughuli nyingine, nikasimama karibu na foleni. Dada wa kaunta aliweka tiketi juu ya pasipoti, akapitisha ukucha chini ya herufi taratibu, akasimama kwenye herufi ya pili. Akarudi mwanzo. Akasimama tena palepale. "Baba, jina ya hapa na jina ya hapa haziko sawa." Mzee akainama asome, na macho yake ndiyo hayo yaliyokuwa yanampeleka hospitali. Akasema: "Ile njo jina yangu, mwana. Baba yangu njo alinipatia." Alisema kweli tupu. Ndege iliondoka bila yeye, ajansi ikalipa, na yeye akangoja wiki nzima ya giza kwa ajili ya U na W. Tangu siku hiyo sijaandika jina la mtu kwa kusikia. Hata la mtoto wangu ningeomba pasipoti.

Tofauti ya tatu, na kwako ndiyo nzito kuliko zote, ni Espérance kutokuwepo. Nadhani najua ilivyotokea, kwa sababu nimeiona kwa akina mama wengi wa rika lako. Ulizaliwa katikati ya miaka ya 1960, ukabatizwa Espérance. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisi wa Kizaire, majina ya Kikristo yakapigwa marufuku. Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na mapadri wakakatazwa kubatiza kwa majina ya kigeni. Hapo ndipo postinomu ilipoingia katika karatasi zetu. Shuleni ukawa Ngoie Kazadi, basi. Baada ya 1990, mlango wa siasa ulipofunguliwa, majina ya ubatizo yakarudi, wengine wakayarudisha kwenye karatasi, wengine hawakuyarudisha. Wewe ulipotengeneza pasipoti uliandika yote matatu. Binti yako anamjua mama yake kwa majina aliyoyaona kwenye karatasi zake za shule: Ngoie Kazadi. Hakufanya uzembe. Aliandika mama yake anavyojulikana nyumbani.

Na tofauti ya nne, majina kukaa kinyume, inatokana na neno moja tu. Fomu za kununulia tiketi kwenye intaneti zimetengenezwa kwa desturi ya Waingereza na Wamarekani. Zinauliza "jina la kwanza" na "jina la mwisho". Kwao, jina la kwanza ni lile la kubatizwa, na la mwisho ni la ukoo. Kwetu sisi ni kinyume kabisa: tangu darasa la kwanza mwalimu anaita nom, yaani jina kuu, kisha postinomu, na prenomu inakuja mwisho kama mkia. Mkongo akiulizwa jina lake la kwanza anajibu kwa haki kabisa, "Ngoie". La mwisho? Kama Espérance haimo akilini, anaandika Kazadi. Ndivyo KAZADI/NGOY ilivyozaliwa. Kupinduka peke yake, herufi zote zikiwa sawasawa na majina yote yakiwepo, ndilo kosa ambalo mashirika mengi hulirekebisha kwa urahisi, kwa sababu kila mtu anaona ni abiria yuleyule. Lakini kwako limekuja pamoja na wenzake wawili, na mzigo wa watatu haubebwi kama wa mmoja.

Sasa tafadhali chukua pasipoti yako, fungua ukurasa wa picha, na tazama chini kabisa. Kuna mistari miwili ya herufi kubwa na alama kama vichwa vya mishale. Kila mstari una nafasi 44. Huo ndio uso wa pasipoti kwa mashine, na duniani kote unaandikwa kwa kanuni moja, ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Mstari wa kwanza unaanza na P, kisha COD, ndiyo Kongo yetu, kisha majina. Jambo la kutafuta ni mahali penye mishale miwili mfululizo kati ya majina. Yote yaliyo kabla ya mishale hiyo miwili ni jina la ukoo, hata yakiwa mawili yaliyotenganishwa na mshale mmoja. Yote yaliyo baada yake ni prenomu. Kama mstari wako unasomeka hivi:

P<CODNGOIE<KAZADI<<ESPERANCE<<<<

basi tiketi inatakiwa iwe NGOIE KAZADI/ESPERANCE MRS, ikiwa na nafasi kati ya maneno au imeunganishwa, haidhuru. Kama ungeukuta mshale mmoja na miwili vimekaa sehemu nyingine, tiketi ingefuata hivyo pia. Usifuate kadi ya mpiga kura, usifuate cheti cha ndoa, usifuate jina watu wanalokuitia. Hata pasipoti ikiwa na kosa ndani yake, kwa safari hii tiketi inafuata kosa hilo, kwa sababu pasipoti ndiyo utakayoionyesha mlangoni. Viza yako pia iliandikwa kutoka kwenye pasipoti. Ifungue sasa hivi uisome, ihakikishwe inasema NGOIE, KAZADI na ESPERANCE kama ukurasa wa picha unavyosema.

Utaniuliza kwa nini wana ukali hivyo, wakati sura kwenye picha ni yako na viza ni yako. Ni kwamba mtu wa kaunta habebi hatari yako tu, anabeba ya shirika lake. Ukifika Ulaya ukakataliwa, shirika lililokuleta ndilo linalopaswa kukurudisha. Na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 linazitaka nchi zake kulitoza faini shirika linalomleta abiria asiye na karatasi zinazotakiwa: ama kiwango cha juu kisipungue euro 5,000, ama cha chini kisipungue euro 3,000, kwa kila abiria. Tena kabla ya ndege kutua, taarifa za abiria zinakuwa zimeshatangulia. Pasipoti yako inapopitishwa kwenye mashine hapa Luano, ile mistari ya chini inasomwa na kutumwa. Jina la tiketi likiwa jingine, tofauti inajionyesha yenyewe, na dada wa kaunta hana mamlaka ya kuifuta hata akikuonea huruma. Nawajua, wengi wao wanaonea huruma kweli.

Ndiyo maana karatasi ya komini haitakusaidia hapa, Mama. Jirani yako ana nia njema, na karatasi hiyo ina kazi yake kwenye benki, shuleni, kwenye urithi. Lakini shirika la ndege halithibitishi wewe ni nani, linalinganisha maandishi mawili. Karatasi ya tatu, hata yenye mihuri mitano, haibadilishi herufi hata moja kwenye mtambo wa Addis Ababa. Wala usimsikilize atakayekushauri ubadilishe pasipoti ifanane na tiketi. Sheria ya Familia ya 1987 hairuhusu kubadilisha jina, wala tahajia yake, wala hata mpangilio wa sehemu zake, bila ruhusa ya mahakama ya amani. Huo ni mwendo wa miezi, na viza yako ingebaki kwenye kitabu cha zamani. Kinachobadilika ni tiketi.

Na tiketi inabadilishwaje? Hapa maneno yana uzito, mwambie binti yako ayashike vizuri. Kuna kubadilisha jina na kuna kusahihisha jina. Kubadilisha ni kumtoa abiria mmoja na kumweka mwingine. Karibu mashirika yote ya safari za kimataifa yanakataa, kwa sababu tiketi haiuzwi tena mkononi kama nguo ya soko la komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Kusahihisha ni abiria yuleyule kuandikwa vizuri. Akipiga simu akasema "nataka kubadilisha jina la tiketi", upande wa pili watamjibu tiketi hairuhusu, nunua nyingine. Nadhani ajansi iliyokuambia ununue nyingine ilisikia swali hilo. Aseme: abiria ni huyohuyo, tarehe ya kuzaliwa ni ileile, tunaomba sahihisho la jina lifanane na pasipoti, na picha ya ukurasa wa pasipoti hii hapa. Akiwa aliandika tarehe yako ya kuzaliwa au namba ya pasipoti wakati wa kununua, hiyo ndiyo silaha yake kubwa, maana inaonyesha tangu mwanzo aliyekusudiwa ni wewe.

Amwombe nani? Aliyemuuzia. Hili linawapotezea watu siku nyingi. Kama alinunua kwenye tovuti ya shirika lenyewe, azungumze na shirika. Kama alinunua kwenye tovuti ya wauzaji wa kati, shirika litamrudisha kwao, kwa sababu wao ndio walioitoa tiketi, na wewe hapa Lubumbashi ukienda ofisi ya mjini utaambiwa hawawezi kuigusa. Tazama pia namba ya tiketi yenyewe, ile ndefu yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo ni namba ya shirika ambalo tiketi imetolewa kwa jina lake: 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways, 082 ni Brussels Airlines. Mara nyingine mtu anasafiri na ndege za shirika moja kumbe tiketi ni ya jingine, na anazunguka mlango usio wake. Nimeona mtu akizunguka hivyo siku tano.

Zamani tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi chenye kaboni nyekundu, lakini tangu tarehe 1 Juni 2008 mashirika ya chama cha kimataifa cha usafiri wa anga yaliachana nazo, zikawa za kielektroniki. Tangu hapo safari yako ina maandishi mawili, na wengi hawajui. Moja ni kumbukumbu ya nafasi, yenye msimbo wa herufi na tarakimu sita. Jingine ni tiketi yenyewe, yenye hizo tarakimu 13. Yote mawili yana jina. Mfanyakazi mwenye haraka anaweza kusahihisha jina kwenye kumbukumbu ya nafasi, akasema "tayari", na tiketi ikabaki na jina la zamani. Mteja anaona jina zuri kwenye simu yake, anatulia, na siku ya safari mashine inakataa kuunganisha nafasi na tiketi. Kwa hiyo binti yako asikubali neno "tayari". Aombe risiti mpya ya tiketi, aangalie jina lililoandikwa juu ya zile tarakimu 13. Mara nyingi sahihisho kubwa kama lako huleta namba mpya kabisa. Na kama kipande kimoja cha safari kinarushwa na shirika jingine, aulize kama sahihisho limefika huko pia.

Wakati mnangoja, kuna mambo matatu ambayo kijana wa jirani asiyafanye kwa kutaka kusaidia. Asibonyeze chekini kwenye simu, kwa sababu ukishasajiliwa kwa safari tiketi inafungwa kwa hali hiyo, na kuisahihisha kunakuwa kugumu zaidi. Asifute safari ili "anunue upya", kwa sababu tiketi za bei ya chini zikifutwa na mteja mara nyingi hurudisha kodi za uwanja peke yake. Na msiache siku ya safari ipite bila neno: abiria asipotokea kwenye kipande cha kwanza, vipande vinavyofuata, hadi kurudi, kwa kawaida vinafutwa vyote.

Gharama? Kosa la herufi chache, kama NGOY kuwa NGOIE, mashirika mengi hulisahihisha bure au kwa pesa kidogo. Kuongeza prenomu iliyokosekana na kupindua mpangilio kunategemea kanuni za shirika na aina ya tiketi. Wengine watadai kuitoa tiketi upya, na tovuti ya kati itaongeza ada yake ya huduma. Walipe kama ni kiasi cha akili. Kama jibu la kwanza ni "haiwezekani", asikate tamaa, aombe jibu hilo kwa maandishi, halafu apige simu tena kwa mtu mwingine au aandike barua pepe yenye picha ya pasipoti. Nimeona hapana ya asubuhi ikawa ndiyo ya jioni kwa mteja yuleyule, kwa sababu wa jioni aliisoma pasipoti. Na kwa wanaosoma hapa ambao hawajanunua bado: soma jina kabla ya kulipa, na ukikuta kosa siku ileile ya kununua, rudi kwa ajansi saa hiyohiyo. Mpaka usiku wa siku hiyo mara nyingi tiketi inaweza kufutwa yote na kuandikwa upya bila hasara. Kesho yake ni habari nyingine.

Nataka niseme neno kwa akina baba na akina mama walioko Johannesburg, Brussels au Paris wanaowanunulia watoto tiketi. Fomu inauliza jina la ukoo, na ninyi, kwa kuishi huko, mnaandika jina la baba kwa watoto wote watatu. Lakini kwetu mtoto halazimiki kubeba jina la baba. Mmoja amepewa jina la babu, wa pili la shangazi, wa tatu ni pacha, ni Mbuyi, na ndugu yake ni Kabanga. Pasipoti zao zina nom tatu tofauti. Mwaka juzi nilipokea familia ya namna hiyo ofisini: watoto watatu wamekaa kwenye benchi na viatu vipya, tiketi tatu mkononi mwa bibi yao, na jina la ukoo kwenye tiketi zote tatu halikuwa la mtoto hata mmoja. Tulisahihisha moja moja kwa siku nne. Tena watoto hao wanaposafiri na mzazi ambaye jina lake ni tofauti, wabebe cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya mzazi anayebaki, maana askari wa mpakani hajui kwamba kwetu hiyo ni kawaida.

Na wafanyabiashara wa Dubai, hasa ninyi ambao karatasi zenu zilitengenezwa kabla ya 1990 bila prenomu: tangu Novemba 2022 Umoja wa Falme za Kiarabu hauwapokei wageni wa viza ya matembezi ambao pasipoti yao ina jina la neno moja tu. Mtu wa namna hiyo asianze na tiketi, aanze na pasipoti.

Nirudi kwako, Mama. Kuna karatasi moja ambayo watu huisahau wakishamaliza vita vya tiketi: kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Itoe pale ulipoihifadhi. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote, kwa hiyo ya zamani bado inafaa, lakini ya zamani ndiyo mara nyingi imeandikwa kwa mkono, kwa jina la haraka haraka. Ikisema Ngoy Kazadi, peleka pasipoti pale walipokuchanja au kwenye ofisi ya afya, wakuandikie nyingine kwa jina la pasipoti. Hiyo unaweza kuifanya kesho asubuhi, wakati binti yako anapambana na simu za Ulaya.

Risiti mpya ikifika, usimwachie kijana wa jirani aisome peke yake. Kaeni wawili, pasipoti imefunguliwa chini, karatasi juu. Yeye ataje herufi za tiketi moja moja kwa sauti, N, G, O, I, E, na wewe uzifuate kwa kidole kwenye ule mstari wa mishale. Mfike mpaka E ya mwisho ya Espérance. Kama siku ya tano kuanzia leo risiti hiyo haijafika, niandikie tena, uniambie tovuti imejibu nini na tarakimu tatu za mwanzo za tiketi ni zipi, tuangalie njia ya pili wakati bado kuna siku saba.